"Bidhaa ikishauzwa hairudishwi": kibao cha dukani hakifuti haki yako (uzi kwa waliouziwa vitu vibovu)

Msaidizi wa Mbagala (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Mimi ni msaidizi wa kisheria, siyo wakili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatutambua: tunaelekeza watu, tunawasaidia kuandika barua, basi. Nasema mapema ili mtu asije kuniomba namba ya uwakili huko mbele.

Kilichonileta ni kile kibao. Zunguka Kariakoo, kuanzia maduka ya simu ya mtaa wa Aggrey mpaka ya friji na majiko, utakikuta kimebandikwa ukutani nyuma ya muuzaji, na kwenye risiti ya mkono kimechapwa chini kabisa: BIDHAA IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Wengi wakikisoma wanakata tamaa hapohapo. Wanapeleka friji mpya kwa fundi, wanalipia mara ya pili, yanaisha.

Kile kibao kina nusu ya ukweli. Umenunua shati, umefika nyumbani wakakuambia rangi haikupendezi, muuzaji hana deni na wewe. Akikubadilishia ni ubinadamu wake na anataka urudi tena siku nyingine. Lakini kitu kikiwa kibovu, au si kile alichokutajia, hapo sheria inaingia yenyewe hata kama hamkuandikiana chochote.

Sheria yenyewe ni ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Ni ya kikoloni, mama yake ni ile ya Uingereza ya 1893, na lugha yake inanuka vumbi, ila bado ina meno. Kifungu cha 16 ndicho cha kukumbuka. Ukimweleza muuzaji unakitaka kitu kwa kazi gani, ukategemea ujuzi wake akuchagulie, na yeye biashara yake ndiyo hiyo, kitu lazima kiifae kazi ile. Na ukinunua kitu kwa kutajiwa aina yake kutoka kwa mtu anayeuza vitu vya aina hiyo, lazima kiwe na ubora wa kuuzika. Friji isiyopoza haina ubora wa kuuzika hata uikague vipi. Ila angalia: kama ulikikagua mwenyewe dukani na kasoro ilikuwa ya kuonekana kwa macho, kioo kimepasuka na wewe ukabeba, hiyo imekula kwako.

Sasa, pa kuangukia watu ni kwenye MUDA.

Haki kubwa kuliko zote ni kukikataa kitu na kudai hela yako yote. Haki hiyo haikai milele. Unaipoteza ukimwambia muuzaji umekipokea na umeridhika, ukikifanyia jambo ambalo mwenye mali tu ndiye angelifanya (kukiuza, kwa mfano), au ukikaa nacho kimya muda uliopitiliza. Ukishaipoteza hubaki mtupu, bado unaweza kudai fidia, yaani tofauti kati ya thamani ya ulichopewa na thamani ambayo kingekuwa nayo kama kingekuwa kizima. Ila hela yote haitarudi. Sheria haitaji siku ngapi, inasema muda wa kuridhisha tu. Maziwa ni masaa. Jenereta ni siku kadhaa za kulijaribu. Mtu aliyetumia televisheni toka Pasaka mpaka Krismasi ndipo anakumbuka kulalamika, sina la kumsaidia kwenye hilo la kukataa.

Na kuna jambo ambalo karibu kila ninayemwambia hushtuka. Huna wajibu wa kukirudisha kitu dukani. Unatakiwa kumjulisha muuzaji kwamba unakikataa, basi. Siyo kazi yako kukodi kirikuu, kubeba friji toka Chanika mpaka mjini, ufike uambiwe bosi hayupo. Mtumie ujumbe unaobaki:

"Friji uliyoniuzia Jumamosi, risiti hii hapa, haipozi toka siku ya kwanza. Naikataa. Ipo kwangu, sijaifungua wala kumpa fundi. Naomba uje uichukue na unirudishie hela yangu yote."

Maneno manne pale ndiyo yenye kazi: *naikataa* na *hela yangu yote*. Wengi huandika "bosi friji inasumbua, nisaidie", halafu wanazungushwa mpaka muda unapita.

Nawasilisha. Maswali karibuni.

---

Kiazi Lishe

Nimevuta kigoda. Nondo kama hizi ndizo tunazotaka, siyo kila siku Simba na Yanga.

---

Duka la Kati

Mleta mada umeandika vizuri lakini umeandika kama mtu ambaye hajawahi kusimama nyuma ya kaunta.

Mimi nauza vifaa vya umeme. Mteja anachukua televisheni kubwa Ijumaa, Jumamosi kuna dabi, kajaza watu sebuleni, Jumatatu anairudisha "ina mistari". Mwingine anachomeka friji kwenye umeme wa mtaa unaopanda na kushuka kama homa, hana stabilaiza, kompresa imeungua, anakuja na risiti mkononi anapiga kelele mbele ya wateja. Aliyeniuzia mimi kwa jumla hapokei kitu, na wa Guangzhou aliyemuuzia yeye ndiyo kabisa. Kwa hiyo hasara yote nibebe mimi wa katikati?

Halafu sheria hiyohiyo ya 214 inaruhusu watu wawili kukubaliana vinginevyo. Kibao kipo ukutani, umeingia umekiona, umelipa. Hayo ndiyo makubaliano.

---

Msaidizi wa Mbagala

Mkuu Duka la Kati, heshima yako. Hoja yako ya mwisho ndiyo hoja ya kweli na wengi hawaijui. Ni sahihi, sheria ile inaruhusu masharti yake kuondolewa kwa makubaliano. Sasa tuone kama kibao ni makubaliano.

Kilichochapwa kwenye risiti mteja anakiona akiwa ameshalipa. Biashara imeshafungwa, huwezi kuongeza sharti baada ya hapo. Kuna kesi maarufu ya Uingereza ya 1949, Olley na Marlborough Court: hoteli iliweka tangazo chumbani kwamba haihusiki na vitu vitakavyoibiwa, mama akaibiwa koti la manyoya, mahakama ikasema mkataba ulifungwa pale mapokezi, tangazo la chumbani limechelewa. Maamuzi ya Uingereza ya wakati huo hayazifungi mahakama zetu, ila mawakili huyatumia na mahakimu huyasikiliza.

Cha ukutani kina nguvu kidogo zaidi, kama kilionekana. Lakini sharti la kumnyima mtu haki husomwa kwa kubana, dhidi ya aliyeliandika. "Hairudishwi" haisemi "hata nikikuuzia kibovu ni juu yako". Na juu ya yote kuna Sheria ya Ushindani ya 2003, iliyokuja kumlinda mlaji. Hiyo inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani, FCC, inapokea malalamiko ya namna hiyo.

Kuhusu umeme na dabi, hapo nakuunga mkono bila kupepesa macho. Anayedai ndiye anayethibitisha. Mteja lazima aonyeshe kasoro ilikuwepo alipokabidhiwa. Kama ameunguza mwenyewe, hana kesi. Na wewe unayo haki ileile dhidi ya aliyekuuzia kwa jumla, tatizo ni kwamba hamuitumii kwa sababu kesho mtahitaji mzigo wa mkopo kwake. Hilo la mkopo sheria haiwezi kulitibu.

---

Fundi Baridi

Niingie hapo kwenye uthibitisho maana ndiyo kazi yangu.

Friji mpya iliyotoka kiwandani na tatizo na friji iliyoungua kwa umeme hazifanani. Iliyovujisha gesi, kompresa inanguruma muda wote haipumziki, lakini ukigusa ubavuni au mgongoni kwenye zile bomba za kutoa joto, baridi tu, hazipati moto. Iliyoungua, ukipima waya za kompresa ama zimekatika ama zimegusana na bodi, na ukifungua mafuta yana harufu ya kuungua. Fundi mwenye mita anajua ndani ya nusu saa.

Kosa la wateja ni kuniita nikiwa wa tatu. Wa kwanza ameshakata bomba akajaza gesi, wa pili amebadilisha relei. Hapo hata mimi siwezi kusema kiwanda kilikosea wapi, na muuzaji akiona alama ya kuchomelea tu kamaliza: "mmeichezea". Kama unataka kudai, fundi apime kwa nje, aandike kwenye karatasi alichokuta, tarehe, namba ya friji iliyopo kwenye kibandiko cha nyuma, aweke jina na sahihi. Asifungue kitu.

---

Mama Nuru wa Feri

Jamani huu uzi umenikuta pabaya. Nimenunua friza la kulala kwa ajili ya samaki. Nilimwambia kijana wa duka kabisa, nalala na mzigo wa Feri, nataka la kugandisha samaki usiku mmoja. Akasema mama chukua hili. Siku ya pili samaki wamelainika, maji mekundu yamejaa chini, nimetupa. Friza najua nadai. Na samaki je? Nao wanadaiwa?

---

Msaidizi wa Mbagala

Pole sana mama. Ulichomwambia yule kijana ni dhahabu, kwa sababu mbili.

Ya kwanza, umetaja kazi na yeye akakuchagulia. Kifungu cha 16 nilichokisema juu kinakukaa mwilini. Hata angejitetea kwamba friza linapoza soda vizuri, wewe hukununua la soda.

Ya pili ndiyo ya samaki. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 73, inatoa fidia kwa hasara iliyotokana na uvunjaji kwa njia ya kawaida, au ile ambayo pande zote zilijua tangu wanakubaliana kwamba itaweza kutokea. Hasara ya mbali haimo. Hii inatoka kwenye kesi ya Hadley na Baxendale ya 1854, ya wenye kinu cha Gloucester: mhimili wa mtambo wao ulivunjika, msafirishaji aliyepewa kuupeleka kwa watengenezaji akauchelewesha, kinu kikasimama. Wakadai faida waliyoikosa wakashindwa, kwa kuwa msafirishaji hakuambiwa kwamba bila mhimili ule kinu hakisagi. Wewe ulimwambia. Kwa hiyo samaki unaweza kuwadai.

Lakini kifungu hichohicho kinaangalia kama ulijitahidi kupunguza hasara. Watauliza: alipoona wanalainika, alitafuta barafu? Aliuza wanaouzika kwa bei ya kutupa? Kama ulifanya hivyo, andika leo kabla hujasahau, na mtafute aliyekuuzia barafu au aliyekuona unatupa. Bei ya mnadani siku ile ulinunulia shilingi ngapi, nayo iandike.

---

Paka Shume

Mnajichosha. Nenda kituoni, toa chochote kitu, muuzaji akilala ndani usiku mmoja tu hela inatoka asubuhi na chai juu.

---

Mstaafu wa Kurasini

Wewe Paka Shume usiwapeleke watu shimoni. Nimevaa magwanda miaka mingi, nakuambia hicho "chochote kitu" ni kosa la jinai lako wewe. Friji bovu ni madai, siyo jinai. Askari mwelewa atakuambia nenda mahakamani, na asiye mwelewa atakula pande zote mbili.

Inakuwa jinai pale mtu alipokudanganya toka mwanzo kwa nia ya kukuchukulia mali. Kanuni za Adhabu kifungu cha 302, kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu. Mfano wale wa Instagram: picha ya simu kali, bei ya kutupa, tuma hela kwanza, ukituma umepigwa bloku. Huyo hakuwa na simu hata siku moja. Huyo ripoti, na kabla ya kituo wapigie mtandao wako wa simu muda huohuo, maana hela ikishatolewa kwa wakala ndiyo imeondoka. Usifute meseji.

---

Mchele wa Mbarali

Swali langu la biashara kwa biashara. Nilioneshwa mchele ghalani kwa mwenye mzigo, akatoboa magunia mawili matatu kwa bambo, punje zimetoka ndefu, safi, nikazipeleka kwa mteja wangu Dar naye akapenda. Mzigo umefika, gunia za juu sawa, za chini chenga tupu na zina harufu ya unyevu. Nilikuwa nimeshamkabidhi mteja gunia ishirini kabla ya kugundua. Mwenye mzigo anasema "ulitoboa mwenyewe, uliona".

---

Msaidizi wa Mbagala

Huyo amekusaidia kesi bila kujua. Mauzo ya kwa sampuli yana kifungu chake, cha 17. Mzigo wote lazima ulingane na sampuli kwa ubora, lazima upewe nafasi ya kulinganisha mzigo na sampuli, na usiwe na kasoro iliyojificha ambayo ukaguzi wa kawaida wa sampuli usingeionesha. Bambo linatoa konzi ya punje toka pale lilipochomwa. Halikuoneshi gunia la chini ya lundo. Kwa hiyo "ulitoboa mwenyewe" maana yake ni "ulinunua kwa sampuli", na sampuli na mzigo havifanani.

Pabaya pako ni zile gunia ishirini. Ulipozikabidhi umefanya jambo la mwenye mali, na mzigo wa mkataba mmoja kwa kawaida huwezi kuukataa nusu nusu. Mimi nisingekushauri ujenge kesi ya kuukataa mzigo wote. Dai tofauti ya thamani: bei ya mchele wa sampuli sokoni siku ulipokabidhiwa, toa bei ya huo ulioupata. Kama ile konzi ya bambo unayo bado kwenye mfuko wa plastiki, ifunge, andika tarehe, itunze kama cheti cha ndoa.

Na FCC usiitegemee sana kwenye hili, wewe umenunua ili kuuza. Uwanja wako ni mkataba na mahakama.

---

Pwani ya Mtwapa

Hamjambo ndugu zetu. Niwape ya Kenya kidogo maana tumewapita kwa hili, msikasirike. 😀

Kwetu haki ya mtumiaji iko kwenye Katiba yenyewe, kifungu cha 46: bidhaa na huduma za ubora wa kuridhisha, na fidia ukiumizwa na kasoro. Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012. Hiyo inasema wazi kwamba yale masharti ya sheria ya mauzo hayawezi kuondolewa kwa mkataba wa mtumiaji. Yaani hiyo hoja ya bwana Duka la Kati ya "tumekubaliana" huku haifiki mbali.

Kubwa zaidi ni Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ni ya 2016 lakini mlango ulifunguliwa Aprili 2021 pale Milimani, Nairobi. Madai hayazidi shilingi milioni moja za Kenya, sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa, wakili si lazima, na rufaa ni kwa hoja za kisheria pekee. Kushinda si shida. Shida ni kumfanya mtu alipe baada ya kushinda, hapo hata sisi twalia.

---

Kiazi Lishe

Sasa sisi wa bongo mahakama gani? Wakili wa laki tano kwa ajili ya blenda?

---

Msaidizi wa Mbagala

Mkuu, Mahakama ya Mwanzo, na ya kwetu si ndogo kama watu wanavyodhani. Madai ya deni linalotokana na mkataba inapokea mpaka shilingi milioni 30. Kila kitu Kiswahili, wakili si lazima, unaeleza kwa mdomo wako. Hela uliyolipia kitu kibovu inaingia pale vizuri. Fidia za kukadiria, kama faida iliyopotea au usumbufu, afadhali uulize kwanza, maana hizo mara nyingi huelekezwa Mahakama ya Wilaya.

Kabla ya kwenda, barua ya madai. Mpe siku, wengi hutoa 7 au 14, taja kiasi na sababu, mpelekee kwa daftari la dispatchi asaini kwamba ameipokea au umtumie na WhatsApp. Kwa uzoefu wangu migogoro mingi ya maduka huishia kwenye barua hii. Mtu anayekucheka kwenye simu huacha kucheka akiona karatasi.

Na mshtaki mtu sahihi. Jina la kwenye bango siyo lazima liwe la mtu wala kampuni. Hapa ndipo risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, inapokuokoa: ina jina la mlipakodi na TIN, yaani namba yake ya mlipakodi. Kisha unaangalia BRELA, wanaosajili kampuni na majina ya biashara, kama ni kampuni, ambayo inashtakiwa kwa jina lake, au ni jina la biashara tu, ambalo nyuma yake kuna mtu. Nimeona hukumu nzuri kabisa dhidi ya bango. Siku ya kukazia hukumu dalali wa mahakama anauliza, huyu mdaiwa ni nani? Kimya. Ile risiti ya mkono uliyokubali ili upunguziwe bei ndiyo inayokugharimu hapo, achilia mbali kwamba kutodai ya EFD ni kosa lako pia.

Usiporidhika na hukumu, rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30.

---

Duka la Kati

Hapo kwenye EFD mleta mada ametukamata sote. Sina la kuongeza. Ila mteja akija kwa heshima na karatasi ya fundi kama alivyosema Fundi Baridi, mimi binafsi nabadilisha. Anayekuja na kelele simpi.

---

Mama Nuru wa Feri

Nimetuma ule ujumbe wako jana usiku, nimebadilisha friji nikaandika friza, na samaki nimewataja na bei yao. Leo saa nne kapiga mwenye duka mwenyewe, siyo yule kijana. Hela hataki kurudisha, anasema ataleta friza jipya kwa usafiri wake na samaki atanilipa nusu. Nikubali au nikaze?

---

Msaidizi wa Mbagala

Mama, uamuzi ni wako, haki ya kudai hela yote unayo. Kama bado unahitaji friza na biashara imesimama, kubadilishiwa siyo vibaya. Ila usikubali kwa mdomo. Andikeni karatasi: friza la zamani namba fulani limerudishwa, jipya namba fulani limekabidhiwa tarehe fulani, waranti inaanza upya siku hiyo, na hela ya samaki kiasi fulani imelipwa. Ukiandika "sina madai mengine" ile nusu ya pili ya samaki umeisamehe, kwa hiyo jaribu robo tatu kwanza. Asaini yeye, siyo dereva.

---

Fundi Baridi

Na likifika, mama, wakilishusha lilikuwa limelazwa garini usiliwashe. Lisimamishe masaa kadhaa mafuta yarudi kwenye kompresa, ndipo uchomeke, tena kwenye stabilaiza. Siku ya kwanza weka chupa za maji tu. Piga picha ya kile kibandiko cha nyuma dereva akiwa bado hajaondoka.